Shahidi wa Nne

Padri Nkwabi ameniletea daftari la tatu,
linanuka ugoro na mvua ya Machi.
"Kalunde, nichapie. Mwandiko wangu umezeeka kabla yangu."
Ni maisha ya askofu wa Uskoti,
aliyekufa miaka mia nane kasoro kidogo,
nami hapa Kanyenye, umeme ukija na kukatika,
namchapa, namhifadhi,
namchapa tena.

Jina: Gilikristi. Kuzaliwa: haijulikani.
Mama: haijulikani.
Anaonekana mara ya kwanza mwaka 1203,
chini ya hati ya shamba la mtu mwingine:
shahidi wa nne,
nyuma ya mwokaji mikate wa mfalme.

Nikacheka peke yangu.
Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa baraza la ardhi la kata.
Mashahidi wa nne nawajua.
Ni yule aliyeitwa kwa kuwa alikuwa anapita,
anakaa ukingoni mwa benchi, kofia magotini,
haulizwi neno.
Anachovya dole gumba kwenye wino,
analifuta ukutani, anakwenda zake kununua chumvi.
Ukuta wetu ulikuwa na madole hadi usawa wa dirisha.

Mwaka 1214 makasisi wakamchagua.
Mfalme alimtaka karani wake mwenyewe,
akafunga mlango wa kanisa na ufunguo akakaa nao.
Gilikristi hakubisha hodi. Akaenda Roma kwa miguu.
Pembeni Padri ameandika, ili wanafunzi waelewe:
*kama kutoka Tabora hadi Bagamoyo,
urudi, kisha uende tena.*
Halafu kalamu imesita, wino umevimba mahali pamoja.
Babu yake Padri aliifuata njia hiyo na pembe begani.
Hakuna hati iliyomtaja,
hata nyuma ya mwokaji mikate.

Alirudi baada ya miaka mitatu, na barua ya Papa kifuani
na meno mawili pungufu.
Kanisa lake kuu halikuwa na paa.
Aliuza pete akanunua mbao,
mbao zikaliwa na wadudu, akauza farasi.
Aligombana na watawa juu ya samaki wa mtoni,
kesi ya miaka tisa, na sijaona mahali alipoambiwa ameshinda.
Kaburi: haijulikani.
Robo karne ya uaskofu,
zimebaki hati kumi na moja.

Kila hati inaning'inia lakiri ya nta.

Sasa hapo usinifundishe. Nta naijua.
Baba yangu, Kasanda, alitundika mizinga ya magome porini Sikonge,
akirudi tunanuka moshi nyumba nzima wiki mbili.
Nta ikiwa ya moto hukubali chochote:
unywele, kiwavi, jani, kosa.
Ikipoa haisahau.
Padri amebandika picha: mgongo wa lakiri,
na ndani yake, wazi kama la jana,
dole gumba.
Ameandika kwa herufi kubwa, amepiga mistari miwili:
DOLE LA ASKOFU MWENYEWE!

Nikaacha kuchapa.
Padri wangu, umekaa na maaskofu, hujakaa na makarani.
Mkubwa hagusi nta.
Mkubwa yuko karibu na moto, miguu imevimba kwa safari,
anauliza, "Bado tu?"
Ni kijana fulani aliyeikanda, akaibana, akaungua,
akanyonya kidole
na kuchukua hati ya pili.

Nilichapa alivyoandika, ya Padri ni ya Padri.
Ila chini kabisa, herufi ndogo, nikaweka tanbihi:
*Huenda ni dole la karani.*

Alikuja Alhamisi. Akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama,
mwendesha bodaboda akimpigia honi nje.
Alipofika pale alinyamaza muda mrefu,
akautazama mkono wangu juu ya kibodi.
"Kurasa ngapi?"
Thelathini na mbili, kwa mia tano.
Akahesabu noti, akarudia kuhesabu.
"Na hii tanbihi?"
Hiyo, nikasema, haina bei. Iache au ifute.

Akakunja karatasi, akazitia ndani ya kanzu,
mvua ilikuwa inaanza.